Kuunganisha tableti na skrini kubwa: tuanze na tundu, si na kable

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, tableti si kitu cha ajabu tena. Mchungaji anaandikia mahubiri yake, katibu anatunza orodha ya washiriki, kiongozi wa korali anahifadhi maneno ya nyimbo, na mwalimu wa shule ya Jumapili anawaonyesha watoto picha. Na mara nyingi, palepale ofisini au ukumbini, kuna televisheni, au kuna skrini ya kompyuta ya zamani ambayo kompyuta yake ilikufa. Ndipo linakuja swali: je, hatuwezi kuunganisha vitu hivi viwili, ili kile kinachoonwa na mtu mmoja kionwe na watu hamsini?

Inawezekana, lakini si kwa kila tableti, na si kwa njia moja. Shida ni kwamba swali letu la kwanza huwa hili: "Kable inauzwa bei gani?" Kamati inakusanya pesa, wamama wanatoa zao, vijana wanatoa zao, kisha kijana mmoja anatumwa mjini. Anarudi na kable inayoingia vizuri kabisa katika tundu la tableti. Anachomeka, lakini skrini inabaki nyeusi. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema kijana amenunua kitu cha bei ya chini ili abaki na pesa, mwingine anasema televisheni imekufa, mwingine anasema tableti tuliyopewa ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kumbe mara nyingi hakuna aliyeiba na hakuna kilichokufa. Kable ni nzima, skrini ni nzima, tableti pia ni nzima. Ni kwamba tableti ile haikutengenezwa ili itoe picha kwa njia ya kable.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Makala hii ni ya kuketi kwanza. Tutaangalia tundu la tableti, kisha tundu la skrini, kisha njia nyingine kama kable haiwezekani, kisha umeme, na mwisho namna ya kufanya siku yenyewe.

Tundu la tableti ndilo linaloamua

Tableti karibu zote zina tundu la kuingizia chaja. Tundu hilohilo ndilo linaloweza kutoa picha, ikiwa mtengenezaji aliliwekea kazi hiyo. Tuyaone matundu matatu tunayoyakuta kwetu.

La kwanza ni Micro-USB, lile dogo la zamani ambalo chaja yake huingia upande mmoja tu. Tableti nyingi sana zenye tundu hili hazitoi picha kabisa. Kulikuwa na chache zilizotengenezwa kwa mfumo ulioitwa MHL au SlimPort, kwa mfano Nexus 7 ya mwaka 2013, na kila mfumo ulihitaji adapta yake. Kama tableti yako ya Micro-USB si ya namna hiyo, usitafute kable. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya njia nyingine hapa chini.

La pili ni Lightning, ambalo ni la Apple peke yake. Lilianza mwaka 2012 na liko kwenye iPad nyingi za miaka iliyofuata. Hapa habari ni njema: iPad zenye tundu hili hutoa picha kwa adapta ya Apple ya kwenda HDMI. Adapta hiyo ina matundu mawili, moja la kable ya HDMI na jingine la chaja, hivyo iPad inaendelea kula umeme wakati inaonyesha picha. Sokoni ziko adapta za kuigwa. Nyingine zinafanya kazi, lakini nyingi kati yake haziamki mpaka uzichomekee chaja. Kwa hiyo ukijaribu adapta ya namna hiyo dukani, ijaribu pamoja na chaja kabla ya kusema kwamba ni mbovu.

La tatu ni USB-C, lile la mviringo mwembamba ambalo chaja yake huingia hata ukiigeuza. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo tukae kidogo.

USB-C: umbo moja, uwezo tofauti

USB-C ilitangazwa mwaka 2014. Jina hilo linasema umbo la tundu, halisemi tundu linaweza kufanya nini. Ndani ya tundu kuna vipini 24 vidogo. Vingine vinapitisha umeme, vingine vinapitisha data, na katika tableti fulani baadhi ya vipini vya data vinaweza kugeuzwa njia ya picha. Mfumo huo wa kugeuza unaitwa DisplayPort Alternate Mode, na mara nyingi hufupishwa kuwa DP Alt Mode. Tableti yenye mfumo huo inatoa picha kwa kable au adapta ya kawaida ya USB-C kwenda HDMI. Tableti isiyo nao inakula umeme na kusoma flash disk, lakini picha haitoki, hata ukinunua kable ya bei ya juu kuliko zote dukani.

Ni kama milango miwili ya nyumba mbili za jirani, iliyotengenezwa na seremala mmoja. Kwa nje inafanana, lakini nyuma ya mmoja kuna sebule, nyuma ya mwingine kuna ukuta. Hutajua kwa kutazama mlango.

Basi tutajuaje? Kwanza, fungua sehemu ya mipangilio ya tableti, nenda pale penye habari kuhusu kifaa, na uandike jina lake kamili pamoja na namba ya modeli. Usiseme tu "ni Samsung" au "ni iPad". Kisha tafuta sifa za modeli hiyohiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji, au mwombe mtu mwenye intaneti akutafutie. Neno la kutafuta ni DisplayPort, au maelezo kwamba tableti inatoa picha kwa HDMI kupitia USB-C. Ukikuta kwenye tableti ya Android imeandikwa USB 2.0 peke yake, bila neno lolote la picha, hiyo ni dalili kubwa kwamba haitoi.

Tuchukue mifano ya zile zinazoonekana sana. Kwa upande wa Apple, iPad zenye USB-C hutoa picha: iPad Pro tangu mwaka 2018, iPad Air tangu 2020, iPad mini tangu 2021, na iPad ya kawaida tangu 2022. Kwa upande wa Samsung, ukoo wa Galaxy Tab S ndio wenye uwezo huo, kuanzia kwa mfano Tab S4 ya mwaka 2018, na juu yake kuna mfumo wa DeX tutakaoutaja. Ukoo wa Galaxy Tab A, ambao ni wa bei nafuu na ndio unaoonekana zaidi mikononi mwetu, kwa kawaida hautoi picha kwa kable ingawa una tundu la USB-C. Na herufi S peke yake haitoshi: Galaxy Tab S6 Lite ina jina linalokaribiana sana na Tab S6, lakini haitoi picha kwa kable. Tableti za bei ya chini kabisa, zenye majina tusiyoyafahamu, nyingi haziwezi.

Jambo jingine: hata kama tableti inaweza, si kila kable ya USB-C inapitisha picha. Kable inayokuja pamoja na chaja mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya umeme na data ndogo tu. Kama skrini yako yenyewe ina tundu la USB-C na unataka kuunganisha moja kwa moja, uliza kable inayopitisha picha. Kama skrini ina HDMI, nunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, kisha utumie kable ya kawaida ya HDMI. Kwetu njia hii ya pili ndiyo nyepesi, kwa sababu kable ya HDMI inapatikana karibu kila mji na ikiharibika unabadilisha hiyo peke yake.

Nyuma ya skrini kuna nini?

Sasa geuza televisheni au skrini uangalie mgongoni. Ukikuta HDMI, mambo ni mepesi. HDMI inapitisha picha na sauti pamoja katika kable moja, na karibu televisheni zote bapa za leo zinayo, mara nyingi matundu mawili au matatu yenye namba.

Skrini nyingi za kompyuta za zamani zina VGA, lile tundu lenye vishimo 15 katika mistari mitatu na skurubu mbili pembeni. VGA ni ya mwaka 1987, na bado inafanya kazi, lakini mambo mawili yafaa yajulikane. Kwanza, haipitishi sauti; italazimu sauti itoke kwa njia nyingine. Pili, tableti zinatoa picha ya dijitali na VGA inataka picha ya analogi, kwa hiyo kati yake lazima pawe na adapta yenye kibadilishi ndani. Ukinunua, angalia uelekeo. Adapta ya HDMI kwenda VGA na adapta ya VGA kwenda HDMI ni vitu viwili tofauti, na huwezi kuigeuza moja ifanye kazi ya nyingine. Sisi tunahitaji ile ambayo HDMI inaingia na VGA inatoka. Mwambie muuzaji hivi: "Picha inatoka kwenye tableti, inaingia kwenye skrini ya VGA." Ukimwambia hivyo, hatakupa ya kinyume.

Skrini nyingine zina DVI, tundu pana, mara nyingi jeupe. Kwa DVI ya dijitali inatosha kable au kichwa kidogo cha HDMI kwenda DVI, lakini hapa pia usitegemee sauti.

Kama kable haiwezekani

Tuseme umefanya uchunguzi na tableti yako haitoi picha. Usiiuze bado. Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya hewani. Tableti nyingi za Android, hasa za Samsung, zinaweza kutuma picha kwa mfumo unaoitwa Miracast. Kwenye Samsung utaiona kwa jina la Smart View. Uzuri wake kwetu ni kwamba Miracast haihitaji intaneti wala megabaiti. Tableti na televisheni zinaongea zenyewe kwa mawimbi ya Wi-Fi, hata kijijini ambako hakuna mtandao wowote. Masharti ni kwamba televisheni nayo iwe na uwezo huo, au uichomekee kwenye HDMI kijitundu cha kupokelea Miracast. Usikichanganye na Chromecast: chenyewe kinahitaji mtandao wa Wi-Fi wa kukaa ndani yake, na siku ya kukiandaa kinahitaji intaneti. iPad haitumii Miracast. Inatumia AirPlay, inayohitaji kifaa cha Apple TV au televisheni yenye AirPlay. Udhaifu wa njia ya hewani ni kwamba picha huchelewa kidogo na wakati mwingine hukatika watu wanapokuwa wengi na simu zao. Kwa maneno ya wimbo au picha za somo si neno. Kwa filamu inaweza kuchosha.

Njia ya pili ni adapta yenye chipu ya DisplayLink. Hii inafanya kazi hata kwa tableti nyingi za Android zisizotoa picha, mradi ziwe zinaweza kusoma flash disk, kwa sababu picha inasafiri kama data ya kawaida. Unaweka kwanza programu iitwayo DisplayLink Presenter, kisha unachomeka. Lakini tazama vizuri: kwa macho, adapta hii inafanana na ile ya kawaida ya USB kwenda HDMI. Kama jina DisplayLink halikuandikwa juu yake au kwenye boksi, usiichukue kwa kazi hii.

Njia ya tatu haina kable ya picha wala mawimbi. Televisheni nyingi zina tundu la USB na zinasoma picha na video kutoka kwa flash disk. Andika maneno ya nyimbo au vichwa vya somo kwenye tableti, vihifadhi kama picha za JPEG, vinakili kwenye flash disk, kisha uichomeke kwenye televisheni na upite picha moja baada ya nyingine kwa telekomandi. Yapeni majina ya namba, 01, 02, 03, ili mpangilio usivurugike. Kwa parokia ambayo haina pesa ya adapta yoyote, njia hii inaweza kuanza Jumapili ijayo.

Umeme: hesabu ya wati kabla ya ibada

Kwa wenzetu wa sehemu nyingine umeme si jambo la kufikiria. Kwetu ni jambo la kwanza. Nyuma ya kila skrini kuna kibandiko kinachosema inakula wati ngapi. Skrini ya kompyuta ya inchi 22 au 24 yenye taa za LED kwa kawaida hula kama wati 20 mpaka 30. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kama 30 mpaka 60. Projekta ya taa ya kawaida mara nyingi hupita 200, na nyingine hufika 300.

Tuchukue batri moja ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100. Zidisha 12 kwa 100, unapata saa-wati 1200. Lakini batri ya risasi haifai kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Skrini ya wati 30 kwa ibada ya saa tatu itakula 90, na ukiongeza kinachopotea katika inveta, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa prizi, tuseme 110. Batri inabaki na nguvu kwa vipaza sauti. Projekta ya wati 250 kwa saa hizohizo tatu inataka 750, kabla hata ya kuhesabu inveta. Batri ile haiwezi. Ndiyo maana kwa parokia nyingi za sola, televisheni ya kawaida inafaa kuliko projekta, hata kama picha ya projekta ni kubwa zaidi.

Kwa wale wanaotumia umeme wa mji, hatari iko pale umeme unapokatika na kurudi. Unaporudi, mara nyingine unarudi na nguvu ya kupita kiasi. Umeme ukikatika katikati ya ibada, chomoa skrini kwenye prizi, usubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, ndipo uchomeke. Stabilizata nzuri ni ulinzi mwingine.

Tableti nayo isisahauliwe. Ikitoa picha kwa kable, tundu lake la chaja limeshikwa, na batri yake inashuka upesi. Kama kazi itachukua muda mrefu, nunua adapta ya USB-C yenye tundu la pili la kuingizia chaja. Kama huna, anza na tableti iliyojaa.

Skrini yatosha kwa nani?

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita kama 53 na kimo cha sentimita 30. Ukiandika mistari sita ya wimbo juu yake, kila mstari unapata sentimita 5 pamoja na nafasi ya katikati. Hiyo ni nzuri kwa ofisi, kwa darasa la watoto, kwa mafunzo ya mashemasi kumi na watano. Si ya kanisa lenye mabenchi thelathini. Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili: andika mistari minne kwenye karatasi yenye ukubwa wa skrini unayotaka, ibandike ukutani mbele, kisha mwombe mzee mmoja asiyevaa miwani aketi benchi la mwisho asome. Kama hawezi kusoma karatasi, hataweza kusoma skrini. Ni afadhali skrini ile iwe ya darasa la shule ya Jumapili kuliko kuiweka mbele ya kanisa zima ili ionwe na mabenchi matano tu.

Msishangae pia mkiona mistari myeusi pembeni. iPad nyingi zina umbo linalokaribia mraba, na televisheni ni pana. Picha haijakatwa, ni maumbo tu hayalingani. Kwa kawaida skrini inaonyesha kilekile kilicho kwenye tableti. Lakini tableti za Samsung zenye DeX zinaweza kufanya skrini kubwa kuwa kama kompyuta, yenye madirisha yake. Ukiongeza kibodi na kipanya, katibu wa parokia anaweza kuandika barua na ripoti kana kwamba yuko kwenye kompyuta. iPad zenye chipu ya M1 na zilizofuata nazo zinaweza kutumia skrini ya pili namna hiyo tangu iPadOS 16.2. Kama ofisi inatafuta kompyuta na tayari mnayo tableti ya namna hiyo, angalieni hapa kabla ya kununua.

Siku yenyewe

Fanyeni jaribio Jumamosi, si Jumapili asubuhi watu wakiwa wameketi. Fuateni utaratibu huu.

Kwanza, washa skrini. Pili, unganisha kable ya HDMI kwenye skrini na kwenye adapta. Tatu, kama adapta ina tundu la chaja, chomeka chaja. Nne, chomeka adapta kwenye tableti ambayo tayari imewashwa na kufunguliwa. Tano, chukua telekomandi, bonyeza SOURCE au INPUT, na uchague HDMI yenye namba ileile uliyochomekea. Hatua hii ya tano ndiyo inayosahauliwa zaidi. Televisheni inaendelea kutafuta antena huku picha inasubiri kwenye HDMI 2.

Kwa habari ya sauti, ujue kwamba ukichomeka HDMI, sauti kwa kawaida inahama kutoka tableti kwenda kwenye televisheni. Kama mnataka ipite kwenye vipaza sauti vya kanisa, toeni sauti kwenye tundu la vichwa vya sikio la televisheni, siyo la tableti. Na kama skrini ya kompyuta haina spika, ukimya si ugonjwa. Tumieni tundu la sauti la skrini hiyo kama lipo, au spika ya Bluetooth iliyounganishwa na tableti.

Kable ya HDMI nayo ina kipimo. Mpaka mita tano hakuna shida, mpaka kumi nzuri bado zinaweza, lakini kadiri unavyoongeza, picha inaanza kukatika au kupotea. Ni vizuri tableti ikae karibu na skrini, na anayepitisha maneno aketi pale.

Sasa neno moja kwa wachungaji wenzangu, na ni neno zito. Tableti inapoonyesha kila kitu kilicho juu yake, inaonyesha pia ujumbe unaoingia. Mshiriki anakuandikia WhatsApp kuhusu ndoa yake, kuhusu matokeo ya hospitali, kuhusu mtoto wake aliyetoweka. Maneno yale yanapita juu ya skrini mbele ya kanisa zima kwa sekunde tatu, na mtu aliyekuamini anaanikwa. Hakuna maombi yanayoweza kuyarudisha. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha, weka tableti katika hali ya ndege. Kama unatumia Miracast, weka hali ya ndege kwanza, kisha washa Wi-Fi peke yake bila kuingia mtandao wowote. Picha itaenda, ujumbe hautaingia. Funga pia picha zako na faili za siri. Na kama inawezekana, tableti ya kuonyeshea isiwe ile ya mchungaji ya ushauri, bali iwe ya parokia, isiyo na WhatsApp ya mtu.

Ikikataa

Skrini ikisema hakuna mawimbi, anza na mambo madogo. Je, HDMI iliyochaguliwa ndiyo yenyewe? Je, kichwa cha kable kimeingia mpaka mwisho? Kifuniko kigumu cha tableti mara nyingi kinazuia adapta isiingie vizuri. Kitoe ujaribu tena. Chomoa adapta, uigeuze upande, uichomeke. Jaribu kable nyingine ya HDMI. Chomekea chaja adapta. Zima tableti, uiwashe tena. Kama umefanya hayo yote na tableti haionyeshi hata dalili kwamba imeona kitu, rudi kwenye swali la kwanza: je, modeli hii inatoa picha?

Kama maneno yanaonekana vizuri lakini filamu fulani inaonyesha weusi na sauti tu, hapo si kable. Filamu na programu nyingine zina ulinzi unaoitwa HDCP, unaozuia picha isitoke kwenye adapta zisizoutambua. Video mliyoichukua wenyewe haina shida hiyo.

Kabla ya kumtuma mtu dukani

Mwisho tuseme juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo amani ya kanisa inaweza kuvunjika kwa ajili ya kitu kidogo kama kable. Kamati na iandike kwenye karatasi moja mambo manne: jina kamili na namba ya modeli ya tableti, tundu lake, tundu lililo nyuma ya skrini, na umbali kati yake kwa mita. Karatasi hiyo isainiwe na mweka hazina na ipewe yule anayetumwa. Asiende na karatasi peke yake. Aende na tableti yenyewe mkononi. Dukani, kabla ya kulipa, amwombe muuzaji amwunganishie na televisheni ya duka. Picha ikionekana, alipe na achukue risiti. Isipoonekana, arudi na pesa, na asilaumiwe kwa kurudi mikono mitupu.

Kijana anayerudi na pesa na kusema, "Tableti yetu haiwezi kwa kable, lakini tunaweza kwa flash disk," amewatumikia vizuri kuliko anayerudi na kable nzuri isiyofanya kitu. Wazee wa kanisa wampokee hivyo, na mweka hazina aandike katika daftari kwamba pesa zimerudi zote.